Uthabiti wa gari dogo la porini (Tana River na Garsen)

Uthabiti wa gari dogo la porini ni uwezo wa gari jepesi kubaki juu ya magurudumu yake linapokata kona, linapopita mahali palipoinama ubavu au linapobeba mzigo nje ya lami. Makala hii inahusu gari la magurudumu manne ambalo dereva na abiria huketi ubavu kwa ubavu chini ya fremu ya chuma, pamoja na tuktuk, chombo kinachojulikana katika mji wa Garsen na vijiji vya Tana Delta. Katika kaunti ya Tana River suala hili halitengani na mafuriko. Mwenye gari hutamani kuliinua lipite majini, na kila sentimita anayoliinua hupunguza mwinamo ambao gari linaweza kuhimili kabla ya kupinduka.

Asili ya gari

Magari ya kazi ya aina hii yalianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980. Kawasaki ilitoa Mule yake mwaka 1988. Yamaha ilifuata kwa Rhino, modeli ya 2004, iliyounganisha viti viwili, mwili mwembamba na mwendo wa kasi. Wembamba huo ulirahisisha kupita njia finyu za msituni, lakini ulilipunguzia gari msingi wa kusimamia.

Tarehe 31 Machi 2009 Yamaha, pamoja na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, ilitangaza mpango wa kurekebisha Rhino 450 na 660 bila malipo. Tume ilikuwa imechunguza ajali zaidi ya 50 zilizoua watu 46. Zaidi ya theluthi mbili zilihusu gari kupinduka, na nyingi kati ya hizo zilitokea kwenye kona, kwa mwendo usio mkubwa na kwenye ardhi tambarare. Marekebisho makuu yalikuwa mawili: kuongeza spesa (vipande vinavyosogeza magurudumu nje) za milimita 50 kwenye magurudumu ya nyuma, na kuondoa baa ya nyuma ya kuzuia gari kulala. Kabla ya hapo, mwaka 2007, kampuni ilikuwa imewapa wenye magari milango na vishikio vya ziada, kwa sababu waliokuwa ndani walikuwa wakitoa mguu au mkono nje gari lilipoanza kulala, kisha wakabanwa chini yake.

Mazingira ya Garsen

Garsen iko kwenye njia ya kutoka Malindi kwenda Lamu, karibu na Minjila, ambapo barabara ya Hola na Garissa huchepuka kuelekea kaskazini. Lami huishia kwenye barabara kuu. Kuingia vijiji vya Wapokomo kando ya mto, mashamba ya mpunga na malisho ya Waorma na Wardei, msafiri hupita kwenye udongo, juu ya matuta na kuvuka mikondo ya maji. Delta hii ni ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2012, yenye eneo la hekta 163,600.

Udongo wa tambarare ya mafuriko ni mfinyanzi mzito. Ukilowa hunata na kuteleza; ukikauka hupasuka, na mitaro iliyochimbwa na tairi wakati wa matope hugeuka kingo ngumu. Sehemu nyingine ni mchanga mlegevu. Mto Tana hufurika mvua zinapokuwa kubwa nyanda za juu, hata kama Garsen penyewe hapajanyesha. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yote yalikata njia. Novemba 2023 hata barabara ya lami ya Garsen kwenda Lamu ilizama katika eneo la Gamba.

Kanuni ya msingi

Vipimo viwili ndivyo vyenye uzito zaidi: upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Gawanya upana kwa mara mbili ya kimo, upate kigezo cha uthabiti tuli. Gari lenye upana wa mita 1.30 na kitovu kwenye kimo cha mita 0.65 lina kigezo 1.0. Kinadharia gari hilo litalala likiinamishwa ubavu nyuzi 45. Kwa kweli hulala mapema zaidi, kwa kuwa springi za upande wa chini hubonyea, tairi hupindika na watu na mizigo huegemea upande huohuo.

Kwenye kona, nguvu inayolisukuma gari nje huongezeka kwa mraba wa mwendo. Anayeongeza mwendo kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa katika kona ileile hukabiliwa na nguvu mara nne.

Juu ya mchanga au vumbi mambo huwa tofauti kidogo. Mshiko wa ardhi ni mdogo, hivyo mara nyingi tairi huteleza kabla gari halijafikia mwinamo wa kupinduka. Hatari huja pale gari linaloteleza kiubavu linapogonga ukingo wa mtaro uliokauka, kisiki au bega la tuta. Magurudumu husimama ghafla, mwili unaendelea, na gari hujikwaa. Ndiyo maana njia ya Tana Delta iliyokauka wiki chache baada ya mafuriko yaweza kuwa ya hatari kuliko ileile ikiwa na matope laini.

Kuinua na kupanua

Tuseme lile gari la mfano lenye kigezo 1.0 limeinuliwa sentimita 8 kwa springi ndefu na vipande vya chuma. Kitovu cha uzito sasa kiko mita 0.73, kigezo kimeshuka hadi 0.89 na mwinamo wa mwisho umepungua hadi karibu nyuzi 42. Ukiongeza spesa za sentimita 5 kila upande, upana unakuwa mita 1.40, na kigezo kinarudi hadi 0.96, karibu nyuzi 44. Kurudisha kigezo 1.0 kunahitaji sentimita 8 kila upande. Kwa gari la namna hii, basi, kila sentimita ya kimo hudai sentimita moja ya upana kushoto na nyingine kulia.

Tairi kubwa nazo huinua. Kutoka inchi 25 hadi inchi 27 kitovu hupanda sentimita 2.5 hivi. Rimu zenye sehemu kubwa zaidi ya nje hupanua bila kuinua, lakini nazo, kama spesa, huongeza mzigo juu ya beringi, boliti na viungo vya stiringi. Spesa inayofaa hukaa sawasawa kwenye kitovu cha gurudumu badala ya kuning'inia kwenye boliti peke yake. Nati hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji na kukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza. Upana mpya pia unaweza kuzifanya tairi zigonge matope ya mitaro iliyochimbwa na magari membamba, kwa hiyo kupanua kupita kiasi nako kuna gharama.

Baa, springi na shokomzoba

Baa ya kuzuia kulala huunganisha magurudumu ya ekseli moja ili mwili usiegemee sana kwenye kona. Ikiwa ngumu nyuma kuliko mbele, tairi za nyuma hupoteza mshiko kwanza: sehemu ya nyuma hukimbia nje, gari hugeuka kuliko alivyotaka dereva na kuingia kwenye kona kali zaidi ghafla. Kuiondoa nyuma, kama ilivyofanyika kwa Rhino, huhamishia kazi mbele, na gari hupendelea kwenda moja kwa moja. Dereva huhisi gari likigoma kukata kona na kupunguza mwendo mapema.

Springi hazibadilishwi peke yake. Shokomzoba zilizochoka huliacha gari likiyumba baada ya kila shimo, na yumbo la pili laweza kumkuta dereva katikati ya kona. Difu iliyofungwa husaidia matopeni, lakini juu ya ardhi ngumu hulazimisha magurudumu ya ndani na ya nje kuzunguka kwa kasi moja. Inafaa ifunguliwe mara gari linapotoka kwenye tope.

Tairi na mathenge

Kupunguza upepo hupanua eneo la tairi linalogusa mchanga na kuzuia kuzama. Upepo ukipungua mno, kuta za tairi hulegea, gari huyumba, na tairi yaweza kutoka kwenye rimu inapojikwaa. Njia salama ni kupunguza kidogo kidogo, kuendesha polepole na kujaza tena kabla ya kurudi lamini. Pampu ya mkono au ya betri ni sehemu ya vifaa vya safari.

Mathenge, mti wenye miiba ulioletwa kwenye miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura katika miaka ya 1980, umeenea sana kando ya Tana. Miiba yake hupenya tairi nyepesi. Tundu dogo huondoa upepo polepole, na dereva asiyelitambua huingia kwenye kona na tairi moja laini. Hilo ni tatizo la uthabiti sawa na tatizo la panchari. Dawa ya kuziba tairi kwa ndani na ukaguzi wa upepo kila asubuhi husaidia.

Mzigo

Kitovu cha uzito hubadilika kila mzigo unapopakiwa. Gari la kilo 900 pamoja na dereva, lenye upana wa mita 1.30 na kitovu kwenye mita 0.65, likibeba jerikeni kumi za lita 20 juu ya paa kwenye kimo cha mita 1.9, kitovu hupanda hadi takriban mita 0.88 na kigezo hushuka kutoka 1.0 hadi 0.74. Kilo hizohizo 200 zikiwekwa sakafuni, kwenye kimo cha mita 0.6, hazibadilishi kitu kikubwa.

Tangi la maji lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa tele, kwa kuwa maji hukimbilia upande wa chini. Mbuzi waliosimama hufanya vivyo hivyo, hivyo hugawanywa kwa ukuta mfupi au kufungwa kwa kamba fupi. Magunia ya mchele na masanduku ya maembe huanzia sakafuni, karibu na ekseli.

Tuktuk

Tuktuk ina gurudumu moja mbele, hivyo msingi wake ni pembetatu badala ya mstatili. Kadiri uzito unavyosogea mbele, ndivyo upana unaoutegemea unavyopungua. Kwa mfano wa hesabu, chukua upana wa nyuma wa mita 1.15, umbali wa mita 2.0 kati ya ekseli na kitovu kwenye kimo cha mita 0.6. Uzito ukiwa theluthi mbili kutoka gurudumu la mbele, mwinamo wa mwisho ni takriban nyuzi 32. Abiria wawili wakijibana ubavuni mwa dereva na kusogeza kitovu mbele sentimita 18, mwinamo hushuka hadi nyuzi 28 hivi. Kukaa nyuma tu ni hatua kubwa ya usalama isiyogharimu hata shilingi.

Kufunga breki katikati ya kona ni hatari ya pekee ya chombo hiki: uzito hukimbilia mbele na nje kwa wakati mmoja, kwenye pembe isiyo na gurudumu. Breki hukanyagwa kabla ya kona.

Kupita majini

Mara nyingi kinachozimisha gari majini si kimo cha mwili, bali maji kuingia kwenye njia ya hewa ya injini, kwenye mkanda wa giaboksi au kwenye matundu ya kupumulia ya difu. Sehemu hizo zinaweza kupandishwa kwa mabomba hadi juu ya usukani bila kuinua kitovu cha uzito. Kwa gari la Tana Delta, hili ndilo badiliko la kwanza kabla ya springi ndefu: inuliwe pumzi, mwili ubaki chini.

Hata hivyo bomba refu halimpi dereva ruhusa ya kuingia kwenye mkondo. Tairi nne za inchi 25, zikiwa na hewa ndani, huinua takriban kilo 100 zikizama nusu tu, na uzito unaobaki ardhini ndio unaoshika njia. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 hulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi ya kawaida. Kwenye tuta lililofunikwa, bega halionekani, na gurudumu moja likishuka pembeni gari hulala ndani ya maji.

Kupima

Kimo cha kitovu cha uzito kinaweza kukadiriwa kwa mizani ya magunia. Gari hupimwa uzito wa ekseli ya mbele likiwa sawa, kisha nyuma hunyanyuliwa, springi zikiwa zimefungwa zisicheze, na mbele hupimwa tena. Ongezeko la uzito huzidishwa kwa umbali kati ya ekseli, hugawanywa kwa uzito wote uliozidishwa kwa tanjenti ya mwinamo, kisha huongezewa nusu kipenyo cha tairi. Kwa gari la kilo 900, umbali wa mita 1.9 na nyuma iliyoinuliwa sentimita 37, tanjenti huwa karibu 0.20, na ongezeko la kilo 34 mbele, pamoja na nusu kipenyo cha mita 0.31, hutoa kimo cha takriban mita 0.67.

Kipimo hiki hufanywa mara mbili: gari likiwa tupu, na likiwa na mzigo wa kawaida. Tofauti kati ya majibu hayo mawili humwonyesha mwenye gari kama pesa zake zitumike kwanza kwenye spesa, kwenye bomba la hewa au kwenye kupanga upya mzigo. Lolote atakalochagua, mkanda wa kiti hubaki sharti, kwani fremu ya chuma humlinda tu aliye ndani yake.