Nani Alimshinda Kasparov?

Tarehe 11 Mei 1997, New York. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, anakaa kucheza mchezo wa sita na wa mwisho dhidi ya Deep Blue, kompyuta ya IBM. Mpaka hapo wako sare, 2.5 kwa 2.5. Kasparov anaanza na ufunguzi uitwao Caro-Kann, na kwenye hatua ya saba anasogeza askari mmoja wa pembeni. Deep Blue inajibu kwa kumtoa farasi wake kafara. Mchezo haukufika mbali: Deep Blue ilipocheza hatua ya 19, Kasparov akasalimu amri.

Dunia nzima ikasema: mashine imefikiri! Kumbe ile kafara haikufikiriwa pale mezani. Ilikuwa imeshaandikwa kwenye kitabu cha ufunguzi.

Kitabu hiki si cha karatasi. Ni orodha iliyo ndani ya programu: kete zikikaa hivi, cheza hivi. Mchezo ukiwa bado ndani ya orodha, kompyuta haipigi hesabu, inasoma tu. Ukitoka nje, ndipo inajitegemea. Na sababu yake iko wazi. Mwanzoni kila upande una hatua 20 za kuchagua, na faida ya chaguo zuri inaweza kuonekana baada ya hatua nyingi sana, mbali kuliko mashine za zamani zilivyoweza kuona. Binadamu walishapita njia hizo kwa karne nyingi. Kwa hiyo wakaikopesha mashine kumbukumbu yao.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Katika karne ya 9 na ya 10, mabingwa kama al-Adli na as-Suli, waliocheza mbele ya makhalifa, waliandika mikao mizuri ya kuanzia mchezo. Waliiita ta'biya (msichanganye na "tabia" yetu, ni neno lingine). Na jina sataranji limetufikia kupitia Kiarabu hichohicho.

Miaka ya 1960, Richard Greenblatt wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza programu ya Mac Hack. Wachezaji wawili, Larry Kaufman na Alan Baisley, wakaiandalia kitabu. Baadaye akaja Ken Thompson wa Bell Labs, huyuhuyu mmoja wa waliotengeneza Unix. Kwa ajili ya mashine yake, Belle, alichukua vitabu vya ufunguzi na kuchapa hatua kwa mkono, saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa karibu miaka 3. Zilifika kama hatua 300,000. Jamani, subira hiyo!

Lakini hapo ndipo tatizo lilipoonekana. Kitabu kinaweza kukufikisha mahali pazuri bila wewe kujua kwa nini ni pazuri. Bingwa aliyeandika hatua zile alikuwa na mpango kichwani. Mashine ilipewa hatua bila mpango. Kitabu kikiisha, inaanza kuhangaika.

IBM walienda njia nyingine. Kitabu cha Deep Blue kilikuwa na mikao kama 4,000 tu, iliyopangwa kwa mkono na Joel Benjamin, akisaidiwa na Nick de Firmian, John Fedorowicz na Miguel Illescas. Usiku mashine ilikuwa ikiikagua mikao hiyo. Illescas alikuja kusimulia kwamba ile hatua ya farasi waliiingiza asubuhi ya siku ileile. Sasa nani alimshinda Kasparov? Kompyuta ilimaliza kazi, ndiyo. Lakini mtego uliandaliwa na watu.

Mwaka 2017, DeepMind ya London ikaleta AlphaZero, ambayo haikupewa kitabu chochote. Ilipewa sheria tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe mamilioni ya michezo. Na bado ikagundua baadhi ya funguzi zilezile ambazo binadamu walikuwa wakizicheza. Kumbe wazee walikuwa na sababu zao.

Hili linatuhusu sisi tuliokulia ughaibuni. Wengi wetu tuna kitabu cha ufunguzi cha Kiswahili. Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu, hamjambo? Hatujambo. Habari za masomo? Nzuri. Mpaka hapo tunateleza tu. Halafu shangazi anauliza, "Mbona siku hizi mmetutupa?" na kitabu kinaishia hapo.

Dawa si kukitupa kitabu, wala kukiongezea hatua 300,000. Ni kuuliza kwa nini. Ukijua kwamba shikamoo inatokana na kushika miguu, huhitaji tena kukariri kwamba mdogo wako humwamkii hivyo. Unaelewa. Na waliotuandikia kitabu hiki wengine bado wapo, wanapokea simu.

Kitabu chako wewe kinaishia hatua ya ngapi? Tutumie ujumbe wa sauti, tutausikiliza kwenye kipindi kijacho.