Miezi 18 Isiyokwisha

Waulize watu wa rika langu Vita vya Kagera viliisha lini, watakutajia Aprili 11, 1979, siku Kampala ilipotekwa. Mimi nilikuwa karani wa duka la ushirika Mwanza, na kwangu hesabu hiyo haifungi.

Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba 1978, akavunja daraja la Kyaka, jeshi lake likapora hadi ng'ombe. Kumng'oa kulitugharimu fedha zinazokadiriwa kufikia dola milioni 500, na wa kutuchangia hawakuonekana. Mgambo waliingizwa jeshini kwa makumi ya maelfu. Malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yalichukuliwa kwenda vitani. Mengi yalirudi hoi, mazao yakalala vijijini.

Rais wetu, Mwalimu Nyerere, akatuomba tufunge mkanda miezi 18. Ikapita.

Sukari ilikuja kwa magunia ya kuhesabu, na orodha ya kaya kutoka kwa mjumbe wa nyumba kumi. Foleni ilipangwa tangu usiku kwa mawe, makopo na ndala, na ole wako usogeze jiwe la mtu! Sabuni ya mche tuliikata vipande. Khanga zikija, doti naipasua katikati, wanawake wawili wanaondoka kila mmoja na chake, wamenuna.

Wapo wanaoibebesha vita lawama zote. Hapo wanaionea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, mafuta yakapanda bei 1979, na mashirika yetu ya umma yalikuwa yakila hasara hata kabla risasi haijalia. Ila vita ndiyo iliyokomba fedha za kigeni zilizokuwa zimebaki, na bila hizo hakuna spea, wala dawa, wala mafuta ya lori la kuleta hiyo sukari.

Shirika la Fedha la Kimataifa likataka tushushe thamani ya shilingi. Mwalimu akagoma, Edwin Mtei, waziri wake wa fedha, akajiuzulu. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa magunia usiku wasikutwe nayo.

Makubaliano na shirika hilo yalipatikana 1986, Mwalimu ameshang'atuka. Dola iliyokuwa shilingi 8 na ushei mwaka wa vita ikafika 40. Bidhaa zikajaa madukani, sukari ikauzwa bila orodha ya mjumbe, na bei yake ikaanza kuumeza mshahara wangu kabla hata ya tarehe 15.