Alizeti za Ukutani, kutoka Arles hadi Msimbazi

Picha za maua zinazouzwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, Dar es Salaam, na vichochoro vinavyoingia Mtaa wa Kongo huegemezwa ukutani, nyuma ya mapazia na saa: waridi, yungiyungi, na zile alizeti za Vincent van Gogh ambazo hata asiyemjua mchoraji amewahi kuziona sebuleni kwa mtu.

Pambo la kuletwa na meli, kama picha hizi, si jambo geni pwani hii. Kunduchi, kaskazini mwa jiji, watu wa kale walipachika bakuli za kaure za China kwenye nguzo za makaburi. Lamu waliziweka katika vidaka vya ukutani. Mchoraji wa hapahapa alipopata jina, soko lake lilikuwa kwingine: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli, na picha zake zikauzwa Oysterbay, zaidi kwa wageni. Alifariki mwaka 1972.

Alizeti nazo zilianza kama pambo la nyumbani. Agosti 1888, mjini Arles, Ufaransa, Van Gogh alizichora ili kupamba nyumba kabla rafiki yake Paul Gauguin hajafika kuishi naye. Januari 1889 akazinakili mwenyewe. Na kabla ya hapo, alipokuwa Paris, alikuwa amenunua mamia ya picha za bei nafuu zilizochapwa Japani, akanakili ile ya mchoraji Hiroshige yenye miti iliyochanua. Basi sioni kwa nini tumcheke mama wa Tabata anayetoka Kariakoo na nakala kwapani.

Kilichobadilika ni kasi. Rangi ya mafuta aliyotumia Van Gogh huchukua siku nyingi kukauka. Akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, iliingia madukani miaka ya 1950, nayo hukauka upesi. Mwaka 1989 mfanyabiashara wa Hong Kong, Huang Jiang, alifungua karakana ya nakala katika kijiji cha Dafen, Shenzhen. Kazi iligawanywa: huyu majani, yule chombo, mwingine mandhari ya nyuma. Dafen ikawa jina kubwa la nakala duniani. Shenzhen iko mkoa wa Guangdong, mkoa uleule wa Guangzhou ambako wafanyabiashara wa Kariakoo hufunga mizigo yao.

Si kila inayoitwa ya mkono ni ya mkono. Pitisha kidole: ya brashi ina vituta visivyolingana, ya mashine ni laini, au imemwagiwa gundi ya kung'aa inayojifanya vituta. Itazame pia kwa ubavu. Kanvasi iliyolegea itabonyea mapema kwenye joto la Dar.

Kwa rangi, nakala huenda ikaishinda picha yenyewe. Baadhi ya njano alizotumia Van Gogh zimefifia na kuelekea kahawia kwa mwanga na umri. Picha ya alizeti iliyoko Amsterdam imechoka kiasi kwamba mwaka 2019 makumbusho yanayoihifadhi yalitangaza haitasafirishwa tena kwenda kuonyeshwa kwingine. Ya Msimbazi husafirishwa kwa bodaboda, na mteja anachobishania ni kama bei imejumuisha misumari.