Lango la Maumivu

Ukijigonga kiwiko, mkono unakimbilia kukisugua, si ndiyo? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwa nini: kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na mguso unaweza kulifunga kabla maumivu hayajafika kwenye ubongo. Mwaka 1967 daktari Mmarekani, Norman Shealy, akampandikizia mgonjwa wa saratani ya mapafu kifaa cha kulifunga kwa umeme. Maumivu yakapungua, saratani ikabaki palepale.

Hata leo kifaa hakiponyi. Unaishi na betri chini ya ngozi na rimoti mkononi. Lakini kwanza unakijaribu siku kadhaa, na hakuna mashine ya kupima maumivu. Hapo daktari, apende asipende, lazima akuulize. Na akuamini.