Kukaza springi za mbele kwenye gari la porini lililoinuliwa

Kukaza springi za mbele ni kazi ya gereji inayofanywa kwenye magari ya kuendeshwa nje ya lami, hasa yale yaliyokwisha kuinuliwa ili yapite juu ya mawe, visiki na maji. Dalili zinazompeleka mwenye gari kwa fundi hazitofautiani sana: breki zikikanyagwa pua inazama, kwenye kona bodi linalala upande, na kwenye shimo la kawaida tu chuma kinagonga chuma. Mara nyingi lawama hutupiwa kimo kipya cha gari. Mkosaji halisi huwa ni uzito ulioongezwa mbele, pamoja na dhana kwamba kilicholiinua gari ndicho pia kitakachoubeba uzito huo.

Mfano ulio karibu zaidi Afrika Mashariki ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoingia sokoni mwaka 1984 na ambayo bado inabeba watalii Serengeti na Maasai Mara, wagonjwa wa vijijini na askari wa wanyamapori. Hadi mwaka 1999 aina zake nzito zilikuwa na springi za majani mbele na nyuma. Mwaka huo zikaja 78 na 79 zenye springi za koili mbele. Ekseli ikabaki ya kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na majani yakabaki nyuma. Gari likawa laini zaidi kwa abiria. Karakana za Arusha na Nairobi nazo zikaendelea kulirefusha chesisi, kulifunga paa la kufunguka na kulipachika puani vitu ambavyo kiwanda hakikuvipigia hesabu.

Vitu hivyo ni vizito kuliko vinavyoonekana. Bampa la chuma, winchi yenye kamba ya waya na betri ya pili kwa pamoja huvuka kilo 100 bila taabu. Tena bampa na winchi haviko juu ya ekseli. Vinaning'inia mbele yake. Land Cruiser 79 ya kabini moja ina milimita 3,180 kati ya ekseli na ekseli. Kilo 100 zikikaa milimita 800 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo hubeba kilo 125, na ile ya nyuma hupunguziwa kilo 25. Ndiyo maana gari huinamia mbele na kunyanyuka nyuma kwa wakati mmoja, na mwenyewe akadhani springi zimechoka ilhali bado ni mpya.

Hapo ndipo hutokea tiba ya haraka: kipande cha mpira mgumu au cha aluminiamu kinawekwa juu ya koili, pua inarudi juu, mteja analipa anaondoka. Kipande hicho hakiongezi ugumu hata kidogo. Tuseme springi moja hubonyea milimita moja kwa kila kilo nne. Kilo 125 zikigawanywa kwa springi mbili, kila moja hubonyea milimita zipatazo 16, na kipande cha milimita 16 kitarudisha kimo hicho. Lakini shimo likija, springi bado ni ile ya kilo nne kwa milimita, na sasa inasimamia mzigo mkubwa zaidi. Gari limesimama vizuri kwa kupigwa picha tu.

Ugumu wa koili hutokana na chuma chenyewe, unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene ndio wenye nguvu kubwa, kwa sababu ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo cha waya. Ukitoka kwenye waya wa milimita 16 ukaenda wa milimita 17, mengine yote yakibaki vilevile, springi inakaza kwa asilimia 27. Milimita moja! Kwa macho huwezi kuzitofautisha springi hizo mbili zikiwa rafuni, ndiyo maana fundi makini hupima waya kwa kalipa na kusoma namba iliyoandikwa kwenye koili, haangalii rangi wala urefu. Watengenezaji kama Old Man Emu ya Australia huuza springi za mbele kwa kufuata uzito wa kudumu: gari lisilo na nyongeza, lenye bampa, lenye bampa na winchi. Mwenye gari anayetaja uzito wa uongo ili apate springi ngumu zaidi ataupata ugumu huo, lakini pua itakaa juu kuliko inavyotakiwa.

Kuna pia raba za springi, zile zinazochomekwa katikati ya mizunguko na kuuzwa katika maduka mengi ya vipuri mijini. Hizi kweli hukaza, kwa kuwa mzunguko uliofungwa haufanyi kazi tena. Springi yenye mizunguko minane ikibaki na saba inaongezeka ugumu kwa asilimia 14 hivi. Kasoro yake ni kwamba matope na mchanga hukaa kati ya raba na chuma, rangi inasagika, kutu inaanza, na springi hukatikia papo hapo. Kwa gari dogo la mjini ni nafuu inayovumilika. Kwa gari linaloingia mtoni kila wiki ni akiba mbaya. Kuipasha springi moto kwa gesi ili kuirekebisha ni kubaya zaidi, maana chuma hupoteza ugumu kiliopewa kiwandani na baada ya miezi kadhaa hulala moja kwa moja.

Magari yasiyo na koili mbele yana mtego wao. Baadhi ya Hilux za 4x4 za kabla ya umbo la mwaka 2004, na Land Cruiser 100 iliyotoka mwaka 1998, hutumia nondo ndefu inayosokotwa badala ya koili. Nondo hiyo ina boliti ya kurekebishia, na fundi akiikaza pua hupanda bila kununua kitu chochote. Wengi huapa kwamba gari limekuwa gumu. Kinachotokea ni kwamba mkono wa juu umesogezwa karibu na kikomo chake cha chini, hivyo gurudumu likishuka kwenye shimo linagonga kikomo kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachodhaniwa kuwa ugumu. Nondo yenyewe haijabadilika. Nayo, sawa na koili, hukaza kwa kuongezwa kipenyo. Pia sivi-jointi hukaa kwa pembe kali, na mpira wake hupasuka mapema.

Springi peke yake hukamilisha nusu ya kazi. Shokapu ndiyo inayoizuia isiendelee kudunda, na springi ngumu hurudi juu kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa uzito uleule, springi ikiongezeka ugumu kwa asilimia 27, shokapu inahitaji nguvu zaidi kwa takriban asilimia 13 ili gari litulie kama zamani. Wanaofunga springi ngumu na kuacha shokapu za zamani hulalamika kwamba sasa gari linaruka kama mbuzi, na wako sahihi. Gari lililoinuliwa linahitaji pia shokapu ndefu zaidi, la sivyo ile fupi inakuwa ndiyo kikomo cha gurudumu na hung'oka kwenye mshikio wake.

Barabara za vumbi za mbuga, zenye mikunjo iliyojipanga kilomita baada ya kilomita, huichemsha shokapu mpaka mafuta yake yakatoa povu. Povu halina ukinzani, na gari lililokuwa imara asubuhi linakuwa legevu mchana. Shokapu za gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo hupunguza povu hilo, na zile zenye bomba moja hutoa joto nje haraka kuliko zenye mabomba mawili. Dereva wa msafara anayeona mbele kumelegea baada ya saa mbili za mikunjo angoje shokapu zipoe kwanza, kabla ya kuagiza springi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama springi inafika mwisho. Fundi hufunga kipande cha uzi au mkanda mdogo wa plastiki kwenye fimbo ya shokapu iliyosafishwa, karibu na bomba, kisha gari linaendeshwa njia yake ya kila siku. Likirudi, mkanda umesukumwa hadi pale shokapu ilipobonyea zaidi. Ukikutwa juu kabisa, na raba ya kikomo iliyo juu ya ekseli ina alama mpya ya kung'aa, jibu limepatikana. Ukiwa katikati, springi inatosha na ulegevu unatoka kwingine.

Kwingine huko mara nyingi ni stelingi. Kwenye 78 na 79, ekseli ya mbele hushikwa na mikono miwili mirefu. Gari likiinuliwa milimita 50, mikono inainama, ekseli inajizungusha, na pembe ya kasta inapungua. Usukani haurudi wenyewe katikati na gari linatangatanga barabarani kana kwamba mbele kumelegea. Springi ngumu haitibu hilo. Dawa ni bushi za mikono hiyo zenye tundu lililosogezwa kando, kisha alaimenti. Matairi makubwa yenye ubavu mrefu nayo huchangia, na yakiwa na upepo mdogo huyumba kabla springi haijaguswa.

Kukaza kupita kiasi kuna gharama yake. Katika Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa misitu ya Aberdare, mshindi ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hivyo magari hukata makorongo na miamba. Huko gurudumu likining'inia hewani, mwenzake halivuti kitu mpaka difu ifungwe, na springi ngumu ndizo zinazolinyanyua. Gari la watalii linataka kinyume chake kidogo: litulie likiwa na abiria saba na matangi yaliyojaa.

Katika kufunga, springi za kulia na kushoto za Land Cruiser nyingi hazilingani urefu. Iliyo ndefu zaidi, kwa kawaida kwa milimita 10 hivi, huenda upande wa dereva. Zikibadilishwa pande, gari huinamia upande mmoja na fundi hurudi kutafuta vipande vya kusawazisha. Boliti za bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu zikikazwa likiwa juu ya jeki bushi hujisokota na kuchanika. Kimo hupimwa tena baada ya wiki chache, springi mpya zikiwa zimekaa, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, na taa za mbele hushushwa ili zisiwapofushe wanaokuja.