Reli, Ngazi na Mji wa Mpwapwa

Mpwapwa ilipata kujulikana kabla Dodoma haijawa mji. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilitua hapo kwa ajili ya maji. Wamisionari wa CMS walijenga hapo katika miaka ya 1870. Na Wajerumani wakaweka boma lao mwaka 1889. Lakini reli ya kati ilipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilipita Gulwe, ikauacha mji kando. Dodoma ikapata stesheni, na mwaka 1973 ikateuliwa kuwa makao makuu ya nchi.

Iko njia nyingine iendayo katikati ya taifa, nayo ni ya kandanda. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu 1971 huitwa Simba. Chini ya ligi hiyo yalipangwa madaraja. Bingwa wa wilaya huenda mkoani. Bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wenziwe. Na atakayefaulu huingia katika madaraja ya taifa. Juu kabisa ya ngazi hiyo, katika miaka hii ya karibuni, timu mbili za kwanza hupanda Ligi Kuu moja kwa moja. Ya tatu na ya nne hupimana, na mshindi hukabiliana na timu ya Ligi Kuu iliyo katika hatari ya kushuka.

Kwa kanuni, basi, hakuna wilaya iliyorukwa kama reli ilivyoiruka Mpwapwa. Nayo kanuni hiyo ilipata ushahidi wake mwaka 1986, pale Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilipopanda na kutwaa ubingwa wa nchi papo hapo. Walakin haikukaa sana huko juu, maana kupanda ni jambo moja, na kulisha wachezaji na kuwasafirisha kutoka Kagera hata Mtwara ni jambo la pili.

Hapo ndipo penye shida. Katika waliopanda baadaye, Dodoma Jiji (2020) na Geita Gold (2021) ni timu za halmashauri, na JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma (2023) ni za majeshi. Hapana ubaya katika hayo. Watu wa Dodoma wameona ligi kubwa ikichezwa katika uwanja wao wa Jamhuri. Lakini ngazi ambayo hupandwa na wenye mfuko wa umma peke yao huanza kufanana na reli: iko wazi kwa wote, ila stesheni zake zimekwisha chaguliwa. Haki ya vijana wa Mpwapwa haiwi kamili kwa kuandikwa katika kanuni za ligi. Yataka na nauli.