SPICE: programu inayounguza transista bila moshi

Nimepotea kidogo hapa kibarazani, wasomaji wangu mniwie radhi. Wiki mbili hizi nikitoka kazini nilikuwa napitia kwa rafiki yangu mmoja, fundi wa elektroniki, ambaye amechukua kazi ya kutengeneza chaja kumi za betri kwa mteja. Kianzio alishapewa, na karibu chote kimeishia kwenye vifaa. Kila akiwasha chaja ya kwanza, ile transista kubwa ya kukatia umeme, ambayo mafundi wanaiita mosfeti, inapasuka. Pa! Moshi, harufu, halafu safari nyingine ya Kariakoo. Siku niliyofika alikuwa ameshaunguza sita.

"Kaka, kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri kabisa," akaniambia, na kweli akanionyesha. Mchoro wa saketi kwenye skrini, anabonyeza, mistari ya rangi inajichora yenyewe: volti hii hapa, mkondo ule pale, hakuna kinachoungua. Alikuwa anatumia LTspice, ambayo ni ya bure, na alishaamua kwamba ubure wake ndio tatizo. Kuna mtu alikuwa tayari kumuuzia kopi ya wizi ya programu nyingine, ile ya makampuni makubwa. Pesa iliyobaki ya mteja ingeishia huko.

Mimi si fundi, kazi yangu ni kuuliza maswali. Nikamuuliza, hii programu nani aliiandika, na kwa nini aliitoa bure? Hakujua. Basi nikaenda kusoma, na niliyoyakuta yamenikosesha usingizi siku kadhaa.

Mambo yanaanzia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mwaka wa masomo wa 1969 kuingia 1970. Mwalimu kijana, Ronald Rohrer, alikuwa na darasa dogo, akawaambia wanafunzi badala ya mitihani waandike programu ya kompyuta ya kuigiza saketi. Mtoa hukumu angekuwa profesa mwingine, Donald Pederson. Akiikubali programu, darasa zima limefaulu. Akiikataa, wote chini. (Jaribu kuwaambia hivyo wanafunzi wa leo uone.) Pederson aliikubali. Mmoja wa wanafunzi hao, Laurence Nagel, ndiye aliyeendelea kuibeba.

Jina la programu hiyo lilikuwa CANCER. Ndiyo, kansa. Kirefu chake kilikuwa uchambuzi wa saketi kwa kompyuta "ukiondoa mionzi", na hapo ndipo palipokuwa na kijembe. Nyakati zile za vita baridi programu nyingi za aina hii zilifadhiliwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, na jeshi lilitaka zikokotoe saketi itafanyaje ikipigwa na mionzi ya nyuklia. Vijana wa Berkeley, mji ambao maandamano ya kupinga vita vya Vietnam yalikuwa chakula cha kila siku, wakatangaza kwenye jina lenyewe kwamba huo mchezo hawamo.

Rohrer akaondoka chuoni, na Nagel akaangukia mikononi mwa Pederson. Mzee huyu alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa, kwamba programu lazima iweze kugawiwa kwa yeyote bila vizuizi. Nagel akaandika upya, na jina likageuka kuwa SPICE, yaani viungo. (Wazanzibari mpo?) Ilitangazwa mbele ya wataalamu nchini Kanada mwaka 1973, na toleo la pili, lililokuwa bora zaidi, likatoka mwaka 1975. Inasimuliwa kwamba Pederson alipotembelea viwanda alipenda kuingia kwa mlango wa nyuma, maana mlango wa mbele una wanasheria na watu wa mauzo, na nyuma ndiko wahandisi waliko. Anaacha programu, anaondoka na orodha ya makosa waliyoyaona. Chuo kinarekebisha, kila mtu anafaidi. Leo tunasifia programu huria kana kwamba zimezaliwa na intaneti, kumbe huyu bwana alikuwa anazisambaza kwa mkanda wa sumaku.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwenye kirefu cha SPICE mna neno la kusisitiza saketi unganishi, yaani chipu. Haikutengenezwa kwa ajili ya chaja. Na saketi ya chaja, inveta au kibadilishi chochote cha umeme ina balaa lake. Ya rafiki yangu swichi yake inawaka na kuzima mara 100,000 kwa sekunde. Kule kuzima kwenyewe kunachukua nanosekunde kadhaa tu. Lakini mpaka chaja itulie baada ya kuwashwa zinapita milisekunde kama 20, maana yake mizunguko 2,000. Programu ikipiga hatua 500 tu kwa kila mzunguko, hizo ni hatua milioni moja, na kila hatua inatatua milinganyo yote ya saketi, tena kwa kurudiarudia mpaka majibu yakubaliane. Yasipokubaliana inasimama na kukutupia ujumbe wa kosa. Hebu fikiria kazi hiyo kwenye kompyuta za 1975 za kulishwa kadi zenye matundu.

Ndiyo maana historia ya kuchagua programu ya vibadilishi vya umeme ni historia ya kuchagua kitu gani usikitazame. Mwaka 1976, pale Caltech, Middlebrook na Ćuk walionyesha njia ya kuisahau swichi kabisa na kuangalia wastani wa kila mzunguko. Hapo hesabu inakuwa nyepesi, unajua kama chaja itatulia au itayumba, ila mishtuko midogo ya ndani ya mzunguko hauioni. Wengine wakasema swichi ibaki, ila iwe swichi kamilifu, inawaka na kuzima papo hapo bila purukushani. Huko ndiko iliko PLECS, iliyotoka kwa watu wa chuo cha ETH pale Zürich, kampuni yao ikaanza mwaka 2002. Wenye mitambo mikubwa na mota wanaipenda, na naelewa kwa nini.

Upande wa SPICE wenyewe, mwaka 1984 kampuni ya MicroSim iliileta kwenye kompyuta za mezani kwa jina la PSpice. Ilikuwa ya kuuzwa, lakini walitoa toleo dogo la bure lenye mipaka, na wanafunzi wengi wa uhandisi wamekulia humo. Halafu mwaka 1999 ikaja LTspice, kazi ya Mike Engelhardt wa Linear Technology. Kampuni hiyo iliuza chipu za vibadilishi vya umeme, ikaona mteja akiweza kuijaribu chipu kwenye kompyuta atainunua. Kwa hiyo programu ni ya bure na haina kikomo cha ukubwa wa saketi, ila ukifungua kabati lake chipu unazozikuta ni za mwenye duka. Bure ya Pederson na bure ya muuzaji ni bure mbili tofauti, japo mimi zote nazipokea. Linear ilinunuliwa na Analog Devices mwaka 2017, na mwaka 2023 Engelhardt akatoa nyingine ya bure, QSPICE, safari hii na kampuni ya Qorvo.

Hata hivyo LTspice inasoma faili za mosfeti za watengenezaji wengi, kwa sababu wengi wao bado wanaandika kwa lugha ile ya Berkeley. Herufi R ni rezista, L ni koili, D ni dayodi. Hata mazoea ya kadi yamebaki. Mstari wa kwanza wa faili ni kichwa cha habari, haukokotolewi. Ukiweka kifaa hapo kinapotea kimyakimya.

Nikarudi kwa rafiki yangu na swali moja: kwenye hii saketi yako, kitu gani hatukitazami? Alinuna kidogo, halafu tukapitia mstari kwa mstari. Kwenye transfoma alikuwa ameandika K1 L1 L2 1. Hiyo 1 ya mwisho ina maana kwamba koili mbili zimeshikamana asilimia mia, hakuna sumaku hata kidogo inayovuja. Transfoma ya namna hiyo haipo duniani, sembuse ile aliyoisuka mwenyewe kwa mkono. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa unafika 325, transfoma inarudisha kama 100 juu yake, jumla 425, na mosfeti yake ni ya 600. Kwenye skrini amani tupu.

Akafuta 1, akaandika 0.98. Akabonyeza. Mstari ukaruka kama mwiba kila swichi ilipozima, ukapita 600 bila kuaga. Tulikaa kimya tukiuangalia. Ile programu ya bure ilikuwa imejibu sawasawa alichoulizwa.

Akaongeza dayodi, kapasita na rezista za kuumeza ule mwiba, akajaribu thamani tofauti hadi saa sita usiku, bila kuunguza kitu. Yule wa kopi ya wizi alipiga simu tukiwa hapo hapo, akaambiwa asubiri kwanza. Jumamosi chaja ya kwanza ilikaa kwenye umeme kutwa nzima na mosfeti ya saba bado nzima. Zimebaki tisa, na mteja anazitaka kabla ya mwisho wa mwezi.